Cheti si Ubatizo

Nasema bila kumung'unya maneno: sisi Wakristo wa Dar es Salaam tumeugeuza ubatizo kuwa karatasi. Cheti tunakiweka sandukuni pamoja na hati ya kiwanja, tunakitoa siku ya kuandikisha ndoa, basi. Na siku yenyewe ya kubatizwa tunakumbuka nini? Pilau, maturubai na mpiga picha.

Hapa Buguruni mama mmoja, muuza vitumbua, alifariki akiwa bado katika mafundisho, Pasaka imekaribia. Wazee wa kanisa walikataa kumzika kwa kuwa jina lake halikuwamo kitabuni. Majirani, wengi wao Waislamu, ndio waliochimba kaburi.

Wazee hao na wanieleze habari za Mukasa Kiriwawanvu. Mwezi Mei 1886, kule Munyonyo, Karoli Lwanga alitambua kwamba Kabaka Mwanga amekwisha kuazimia kuwaua vijana wa ikulu waliokuwa wakisali. Akawabatiza upesi waliokuwa bado, akiwamo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Mukasa hakuwapo; alikuwa kifungoni kwa kugombana na mwenzake (naam, hata watakatifu hugombana). Tarehe 3 Juni alichomwa moto Namugongo pamoja na Lwanga na wenzake, hajaguswa na tone la maji ya ubatizo. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja nao. Je, wazee wetu wangemzika wapi?

Nitajibiwa kwamba bila vitabu kutakuwa na vurugu. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi, rejista naijua. Naijua pia idadi ya walioandikwa humo wakatoka bila kuelimika.

Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, maana yake kuzamisha. Mafundisho ya Kirilo wa Yerusalemu, ya karne ya 4, yaliwaeleza waliotoka kisimani kwamba maji yaleyale yalikuwa kaburi lao na mama yao. Simeoni, mmonaki wa Konstantinopoli aliyefariki 1022, alikuwa mkali zaidi: asiyemtambua Roho akiishi ndani yake asijivunie maji aliyomwagiwa utotoni. Machozi ya toba aliyaita ubatizo wa pili.

Basi aliyebatizwa na bado anapunja mizani pale sokoni, ni nani ndani yake aliyekufa? Na anayemnyima jirani kaburi, yeye alizikwa lini majini?