"Kwenu ni Wapi?" Swali la Hatari Wakati wa Vita

Neno "kwenu" lina silabi mbili tu, lakini limewahi kuwagharimu watu uhai. Katika mtaa wa Kaptembwo, mjini Nakuru, mtu aliyezaliwa na kusomea papo hapo huulizwa kwao ni wapi, naye hutaja Kisii, Siaya au Murang'a, mahali ambapo pengine amefika mara mbili tu, kwa mazishi. Wakati wa amani swali hilo ni sehemu ya salamu. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipoingia Nakuru mwezi wa Januari 2008, liligeuka kuwa mizani ya kumpimia jirani.

Mizani hiyo ni ya zamani nchini, nao waliopimwa mapema ni Wahindi. Mnamo 1913 Wapunjabi waliokuwa wakiishi Marekani waliunda chama cha Ghadar ili kuung'oa utawala wa Uingereza nchini India, na maandishi yao yakawafikia ndugu zao hata Afrika Mashariki. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka uliofuata, Uingereza iliwaleta askari wa Kihindi wapigane na Wajerumani kule Tanga. Wakati uo huo, Wahindi waliokuwa wakiishi huku walishtakiwa kwa uchochezi, na baadhi yao wakahukumiwa kifo chini ya sheria ya kijeshi. Yaani Mhindi alitakiwa aifie dola ile ile iliyomharamishia kusoma habari za kwao!

Lakini anayestahili kukumbukwa zaidi na wanafunzi wetu ni Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Nairobi mwaka 1927, na baadaye akawa katibu wa chama cha wafanyakazi. Alisafiri kwenda India mwishoni mwa 1939, vita vya pili vikiwa vimekwisha kuanza, na mwaka 1940 Waingereza wakamtia kizuizini huko. Alirejea Kenya Agosti 1947, mwezi ule ule Punjab ilipokatwa vipande viwili, na kijiji alichozaliwa, Gharjakh, kikaangukia Pakistan. Serikali ya kikoloni iling'ang'ania kumfukuza arudi "kwao". Kwao kupi? Mwezi wa Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki, na mwezi uliofuata akakamatwa. Alizuiliwa zaidi ya miaka 11, hadi Oktoba 1961.

Wapo watakaosema kwamba mtu hawezi kuwa na kwao kuwili. Sarufi yenyewe haiwaungi mkono, maana "kwetu" hutaja mahali bila kuhesabu ni pangapi. Makhan Singh aliitetea India akiwa India na Kenya akiwa Kenya, wala sioni alimsaliti nani, isipokuwa mkoloni.

Mwalimu anapoandika ubaoni kichwa cha insha, "Kwetu", akitarajia mto, ng'ombe na vilima, mtoto wa Kaptembwo hulazimika kubuni. Naomba aruhusiwe kuandika juu ya Kaptembwo, mitaro yake na kelele zake. Naye mwenzake aliyetoka Sudan Kusini, ambaye tangu vita vya Desemba 2013 amechoka kuulizwa yuko upande gani, aachwe aandike juu ya Juba na Nakuru katika ukurasa mmoja.