Mzee anajua, mwacheni aseme

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimwita binti yake akae karibu naye na wino na karatasi. Alikuwa ameugua mwaka mzima bila kupata nafasi ya kumwambia yaliyo moyoni. Tuliosoma utenzi huo shuleni tulikazania mawaidha ya ndoa (mengine leo yana ubishi, lakini hayo ni ya safu nyingine), tukapita haraka hapa: mama anasema wazi kwamba anaumwa, na mtoto anakaa kusikiliza.

Kwetu Geita na Shinyanga mara nyingi ni kinyume. Baba aliyeshuka maduarani Nyarugusu au Mgusu, au aliyesimama kwenye karasha miaka 15, anakohoa na kukosa pumzi hata akienda chooni. Ndugu wanaitana nje kunong'ona. Majibu ya daktari anapewa mtoto mkubwa; mzee anaambiwa "utapona tu." Naye anazisoma nyuso zenu.

Vumbi la mawe likishatia makovu kwenye mapafu, hakuna dawa ya kuyafuta. Lakini yapo ya kufanya. Kwanza makohozi yapimwe, maana mapafu yenye vumbi hushikwa kirahisi na kifua kikuu, nacho kinatibika na dawa zake ni bure. Akimaliza dozi na bado anakohoa, mwambieni daktari kazi aliyokuwa akifanya, kwa sababu kwenye eksirei magonjwa haya mawili huweza kufanana.

Maumivu na kukosa pumzi navyo vina dawa. Mofini ya maji, ikipimwa na mtaalamu kwa kuanzia kiasi kidogo, hupunguza maumivu, na kwa baadhi ya wagonjwa huweza kupunguza kukosa pumzi pia. Familia nyingi huikataa zikidhani ni ya kummalizia mgonjwa. Siyo. Mzee aliyelala usiku bila kuhangaika ndiye atakayeweza kuzungumza asubuhi.

Azungumze nini? Muulizeni yeye. Pengine ni deni la mtu wa mwaloni, kiwanja, mke wa pili, au anataka kurudishwa nyumbani Kishapu. Msimkatishe kwa "usiseme hivyo, baba." Na wajukuu waingie wamshike mkono. Ila kama ana kifua kikuu na ndiyo kwanza anaanza dawa, wasubiri mpaka daktari aruhusu.