Tusingoje mgeni aandike hadithi zetu

Mwaka 1956, huko Walikale, Shé-Karisi Rureke alisimulia kwa siku 12 hadithi ya Mwindo, shujaa wa Wanyanga. Mtafiti Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliiandika, na mwaka 1969 ikatoka kitabuni. Ni hadithi ya mtoto ambaye baba yake alitaka kumuua, lakini mwishowe wakapatana. Kivu yetu inahitaji somo hilo leo kuliko jana.

Lakini vita vimetawanya vijiji. Mzee amekimbilia huku, wajukuu kule. Nani atasimulia, na nani atasikiliza?

Wazazi, tusingoje mgeni tena. Jioni ya leo tukae na wazee wetu, tuwarekodi kwa telefone katika lugha yao wenyewe. Kisha tuwaombe watoto wairudie hadithi hiyo kwa midomo yao.