Asiyekuwapo na Lake Halipo: Kiswahili Katika Makongamano ya Waunda Programu

Zamani mambo mazito ya jamii yaliamuliwa barazani. Wazee waliketi, wakajadili, na neno lililotoka hapo likawa dira ya wote. Karne hii imezua baraza jipya. Vijana wenye vipakatalishi hukutana katika kumbi za vyuo vikuu na hoteli za miji mikuu ya Afrika, wakazungumza kwa siku tatu au hata wiki nzima, kisha wakatawanyika. Wanayokubaliana huko hayaandikwi katika sheria yoyote, lakini huchangia kuamua jinsi mamilioni ya watu watakavyotuma fedha, watakavyokopa, watakavyopanga miadi ya daktari na watakavyosoma habari. Hilo ndilo kongamano la waunda programu. Swali ambalo wapenzi wa Kiswahili hawana budi kujiuliza ni hili: je, Kiswahili kimo barazani humo, au kimeachwa nje kikichungulia dirishani?

Makongamano ya aina hii yameshamiri katika bara hili. Deep Learning Indaba, linalowakutanisha wataalamu na wanafunzi wa akili bandia, lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka wa 2017 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka wa 2018 lilikuwa Stellenbosch, na mnamo Agosti 2019 likatua Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka huo huo, watumiaji wa lugha ya programu iitwayo Python walikutana Accra, Ghana, katika PyCon Africa ya kwanza. Inafurahisha kwamba waasisi wa Indaba walichagua jina la Kizulu lenye maana ya mkutano wa kujadili jambo zito. Hata hivyo, jina ni kizingiti tu. Ndani ya ukumbi Kiingereza ndicho kilichotawala, hata pale kongamano lilipofika katika jiji ambalo Kiswahili husikika katika kila matatu na kila soko.

Si kweli kwamba Kiswahili ni mgeni kabisa katika ulimwengu wa tarakilishi. Mnamo Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mradi wa Kilinux. Kampuni ya Microsoft nayo ilileta Kiswahili katika programu zake mwaka wa 2005, na Google ikakiingiza katika huduma yake ya tafsiri mwaka wa 2009. Fauka ya hayo, bidhaa mbili za Kenya zilizovuma duniani zina majina yaliyotokana na Kiswahili: M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, na Ushahidi, iliyoundwa mwaka wa 2008 ili kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi. Hapa pana kinaya. Kiswahili huitwa mtoto anapopewa jina, lakini mtoto huyo anapolelewa na kuamuliwa mustakabali wake, Kiswahili hakialikwi.

Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni suala la fahari ya lugha pekee. La hasha. Mchukulie mchuuzi wa soko la Kongowea, Mombasa, anayetaka mkopo wa dharura kupitia simu yake. Skrini inamwonyesha masharti marefu, ambayo mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na chini yake kitufe cha kukubali. Anakubali kwa sababu mtoto amefukuzwa shule na karo inahitajika leo. Riba, adhabu ya kuchelewa, na ruhusa ya kampuni kuchungulia orodha ya watu anaowapigia simu, yote hayo yamo katika maneno ambayo hakuyaelewa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 nacho kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Maelezo yasiyoeleweka si maelezo. Hivyo basi, lugha ya programu inayotumiwa na umma ni suala la haki kabla ya kuwa suala la urembo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni nyepesi: programu iundwe kwa Kiingereza, kisha atafutwe mtu wa kutafsiri maneno yake. Rai hii inatokana na kutojua jinsi Kiswahili kilivyoumbwa. Programu nyingi huwa na sentensi zenye pengo, ambamo tarakilishi hutia neno lolote linalohitajika. Kwa Kiingereza, sentensi moja ya kuarifu kwamba kitu fulani kimefutwa hukifaa kila kitu. Kwa Kiswahili, pengo hilo ni mtego. Picha imefutwa, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa, jina limefutwa. Muundaji asiyejua ngeli ataandika "imefutwa" kote, na mtumiaji atasomewa Kiswahili cha kuvunja mbavu. Vivyo hivyo katika umoja na wingi: faili 1 imepakuliwa, faili 3 zimepakuliwa. Nomino haikubadilika, kilichobadilika ni kiambishi cha kitenzi, mahali ambapo muundaji aliyezoea kubadilisha nomino peke yake hakufikiria kutazama.

Mifano ni mingi. Neno "ng'ombe" lina alama ya ritifaa katikati, na programu inayoichukulia alama hiyo kuwa mpaka wa neno humkata ng'ombe vipande viwili, "ng" na "ombe", kisha ikadai kwamba vyote viwili havimo katika kamusi. Kitenzi "hatukuwaandikia" ni neno moja lenye maana ya sentensi nzima. Kikagua tahajia kinachotegemea orodha ya maneno hakiwezi kumaliza kuorodhesha maumbo ya namna hiyo hata kikipewa mwaka mzima. Aidha, Kiswahili hakibagui jinsia katika nafsi ya tatu. Anayesema "yeye ni daktari" hajasema kama ni mwanamume au mwanamke, lakini mashine ya kutafsiri kwenda Kiingereza hulazimika kuchagua, na ikichagua vibaya humpokonya mwanamke udaktari wake.

Zito kuliko yote ni saa. Katika Kiswahili siku huanza kuhesabiwa macheo, kwa hivyo saa nane mchana ya Mswahili ndiyo saa mbili ya Mwingereza. Mathalani, kliniki iwatumie kina mama wajawazito ujumbe wa simu uliotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, ukiwaita "saa 2". Mama atafika saa mbili asubuhi kwa miadi ya saa nane mchana, au atashindwa kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Tofauti ni ya saa sita. Kosa kama hili haligunduliwi na mhandisi aliye hodari wa hesabu. Hugunduliwa na yule anayeijua lugha na desturi za watu wake. Pahali pa kuligundua ni katika meza ya usanifu, kabla programu haijafika mikononi mwa mgonjwa.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa kwa uzito. La kwanza ni kwamba makongamano haya ni ya bara zima. Mhandisi wa Lagos, wa Addis Ababa au wa Dakar hajui Kiswahili, na kulazimisha lugha moja kutawafukuza wengi. Hoja hii ina ukweli, na hakuna mwenye busara anayedai kwamba Kiingereza kipigwe marufuku. Linalodaiwa ni nafasi. Umoja wa Afrika umekipokea Kiswahili miongoni mwa lugha zake za kazi, na mikutano yake huendeshwa kwa lugha kadhaa kwa msaada wa wakalimani. Ikiwa marais huvaa visikizi masikioni ili waelewane, wahandisi, ambao ndio wanaofahamu vifaa hivyo zaidi, hawawezi kusema kwamba jambo hilo haliwezekani. Isitoshe, kongamano la Afrika Mashariki peke yake, linalowakutanisha watu wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma, lina sababu kubwa zaidi ya kutenga vikao vya Kiswahili, kwa kuwa wengi wa watumiaji wa kazi zao hukutana katika lugha hiyo.

Pingamizi la pili ni kwamba lugha za programu zenyewe zimejengwa kwa Kiingereza, kwa hivyo anayetaka kuunda programu hana budi kukijua. Lakini Python, ambayo ni miongoni mwa lugha za programu zinazotumiwa sana duniani, ina maneno maalumu 35 tu. Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuyakariri kwa wiki moja. Yanayobaki, yaani majina ya vitu ndani ya programu, maelezo ya kuwasaidia wasomaji wa msimbo, mafunzo, na ujumbe anaousoma mtumiaji, yote yaweza kuandikwa kwa lugha yoyote ya binadamu. Kiswahili kina bahati ya ziada: huandikwa kwa herufi za Kilatini zilizomo katika kila kibodi. Ugumu mkubwa zaidi uko katika mazoea.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuwatwika wahandisi lawama zote. Nyani haoni kundule. Wanakiswahili wametumia miaka mingi kuzozana kama kifaa kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi, na kabla vumbi halijatulia wameanza mzozo mwingine kuhusu akili bandia, akili unde na akili mnemba. Mijadala ya istilahi ni muhimu, lakini istilahi haikui kwa kutangazwa. Hukua kwa kutumiwa. Muundaji programu anayesubiri neno la kuweka kwenye kitufe chake hawezi kungoja kongamano la mwaka ujao. Asipopata jawabu ataandika la Kiingereza, na watumiaji watalizoea.

Vilevile, idara nyingi za Kiswahili zimeufanya uga huu kuwa wa watu wengine. Kwa miaka mingi, mtafiti aliyetaka mkusanyo mkubwa wa matini za Kiswahili za kielektroniki alielekea Helsinki, Ufini, ambako Profesa Arvi Hurskainen alianza kazi ya kuchanganua Kiswahili kwa tarakilishi mwaka wa 1985, na ambako toleo la pili la mkusanyo huo lina takriban maneno milioni 25. Kazi hiyo inastahili shukrani. Lakini si fahari kwa mwenye shamba kwenda kuomba mbegu zake ng'ambo.

Dalili za mabadiliko zipo, na zinathibitisha kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka wa 2019 lilizuka vuguvugu la watafiti liitwalo Masakhane, neno la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja, ambalo huwaleta wahandisi na wazungumzaji wa lugha za Kiafrika katika meza moja. Mwaka wa 2021 watafiti hao walitoa hazina ya habari katika lugha kumi, zikiwemo Kiswahili na Dholuo, ambamo majina ya watu, mahali na mashirika yametiwa alama ili tarakilishi ijifunze kuyatambua. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene vilishirikiana katika mradi wa Kencorpus, uliokusanya matini na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Kutokana na mkusanyo huo yalitungwa maswali ya Kiswahili zaidi ya 7,500 pamoja na majibu yake, ya kuifunzia na kuipimia mashine. Maswali hayo hayakuhitaji mitambo ya ajabu. Yalihitaji watu wanaojua kusoma kifungu cha Kiswahili na kukiulizia maswali, kazi ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili ameifanya tangu shule ya msingi katika somo la ufahamu.

Nini basi kifanywe? Kwanza, waandaaji wa makongamano ya waunda programu katika Afrika Mashariki watenge angalau kikao kimoja ambamo makala huwasilishwa na kujadiliwa kwa Kiswahili, na programu zinazokusudiwa umma zionyeshwe zikiwa katika lugha ya umma huo. Pili, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni visingoje mwaliko. Makongamano haya hupokea ikisiri za makala miezi kadhaa kabla. Mwanafunzi wa isimu aliyechunguza ngeli, tahajia au hesabu ya saa katika programu za simu ana jambo la kuwaambia wahandisi ambalo hawajalisikia. Tatu, idara za Kiswahili na za sayansi ya tarakilishi zishirikiane kusimamia tasnifu, ili kazi za wahitimu ziwafae wanaojenga badala ya kuozea kabatini. Nne, wahariri wa istilahi waweke orodha zao mahali ambapo muundaji programu anaweza kuzipata bila malipo siku anapozihitaji.

Mambo hayo manne hayahitaji mabilioni ya shilingi wala sheria mpya. Yanahitaji barua ya maombi, makala yenye kurasa chache na nauli ya kufika ukumbini. Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Wahandisi wataendelea kukutana, Kiswahili kiwepo kisiwepo, na vitufe vitaendelea kuandikwa. Mchuuzi wa Kongowea atabonyeza kile atakachokikuta.