Kondoo Wetu Wekundu Wasipotee

Huko Bungu, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, kondoo hawafugwi kwa makundi makubwa kama yale ya nyikani. Mwananchi huwa na majike matatu, manne, pengine sita, na dume mmoja wa kwake au wa kuazima kwa jirani. Mlima hauna malisho mapana. Ardhi ni ya migomba, mahindi na maharage, na mnyama hufungwa kamba kando ya shamba au hukatiwa majani akaletewa bandani. Kundi hilo ni dogo, lakini ndilo sare ya mtoto wa shule, ndilo gharama ya matibabu, na ndilo mbolea ya shamba.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kuwa habari hii ni ya watu wa milimani peke yao. Visiwani nako ardhi ni finyu, unyevu ni mwingi, na mfugaji ana wanyama wachache. Isitoshe, mifugo ya bara huvushwa kwenda visiwani, hasa Iddi el-Hajj inapokaribia, na kila Mwislamu ajua kwamba mnyama wa kuchinjwa siku hiyo hafai akiwa mgonjwa, kiguu, chongo au aliyekonda akabaki mifupa. Linaloharibika zizini Korogwe halikosi kufika Wete.

Jambo tunalotaka kulisema leo ni moja. Katika nchi yenye mvua na umande, kumchagua kondoo kwa ukubwa wa umbo lake tu ni kujitafutia hasara. Kondoo wetu wa kienyeji mwenye nywele fupi, na hasa yule mwekundu ajulikanaye kama Kondoo wa Kimasai, anayo tunu isiyoonekana kwa macho mnadani.

Historia yatufundisha. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Afrika Kusini walimchanganya kondoo wa Uingereza aitwaye Dorset Horn na kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni pembe ya Afrika, wakapata kondoo mpya, Dorper. Ni mnyama mzuri, mwenye nyama nyingi, aliyekusudiwa kwa nchi kavu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 madume wa Dorper walienezwa kwa wingi nchini Kenya. Wafugaji wakavutiwa na umbo, wakachanganya mbegu bila mpango, hata kondoo mwekundu halisi akaanza kuwa adimu.

Ndipo kati ya mwaka 1991 na 1996 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ambayo tangu 1994 yaitwa ILRI, walipowaweka kondoo wa aina zote mbili pamoja huko Diani, kusini ya Mombasa, katika hali ya hewa ya pwani isiyotofautiana sana na ya visiwani. Matokeo yalikuwa dhahiri. Wana-kondoo wa Dorper walikufa kwa wingi zaidi, na kundi la kondoo wekundu likamletea mfugaji faida kubwa kuliko lile la wageni. Sababu kuu ni mnyoo mwembamba anyonyaye damu katika tumbo la nne la mnyama. Mayai yake hutoka na mavi, huanguliwa katika unyevu, na vijidudu vyake hupanda majani mabichi wakavimeza wanyama wengine. Kondoo mwekundu amezaliwa na uwezo wa kumpinga adui huyo. Mgeni hana uwezo wa kiasi hicho.

Hatusemi kwamba dume wa kigeni ni haramu. Katika nyanda kavu anaweza kufaa sana. Lakini wahenga walikwisha tuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Damu ya kienyeji ikipotea, hakuna duka litakaloiuza.

Pamoja na hayo, uwezo wa kuzaliwa nao haumwondolei mfugaji wajibu. Majani yakatwe au kondoo wafungwe malishoni baada ya umande kukauka. Banda liwe na sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi za kupitisha mavi, ili kwato zisikae majini. Kondoo asiburutwe kwa mguu wala kuvutwa kwa nywele. Mkono mmoja uwe chini ya kidevu na mwingine nyuma, naye atatulia. Mara kwa mara kope la chini lifunuliwe. Likiwa jekundu, mnyama ana damu ya kutosha. Likiwa jeupe, au pakiwa na uvimbe wa maji chini ya taya, atibiwe upesi. Dawa ipimwe kwa uzito, kwani kipimo pungufu huwazoesha minyoo dawa. Na kwa kuwa mimba ya kondoo ni miezi mitano tu, dume asiachwe akawapanda mabinti zake. Baada ya miaka miwili wafugaji wabadilishane madume. Tarehe za kupandwa, kuzaa na kutibiwa ziandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa twageukia viongozi. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008. Chanjo yake ipo, na sindano moja humkinga mnyama kwa miaka mitatu au zaidi. Mwaka 2015 mataifa yaliazimia kuufuta ugonjwa huu duniani ifikapo 2030. Azimio hilo halitatimizwa kwa chanjo kuishia mnadani na kwenye barabara kuu. Wana-kondoo huzaliwa kila mwaka, hivyo chanjo nayo haina budi kurudi, tena ipande hadi vitongoji vya mlimani ambako mwenye kondoo wanne hana uwezo wa kumwita mganga wa mifugo peke yake.

Tunaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe iwape vijiji vya Bungu siku maalumu za chanjo, na kabla ya kuleta madume wapya, iwatafute na kuwatunza madume wekundu waliosalia. Tunawaomba maofisa wa pande zote mbili za Muungano wasiruhusu kondoo kupakiwa chomboni bila kibali na bila kukaguliwa. Nao wanunuzi wa visiwani waulize cheti cha afya kabla ya kuuliza bei.

Mwenye kondoo wanne akipoteza wawili, amepoteza nusu ya akiba yake yote. Huyo ndiye anayestahili kufikiwa kwanza na huduma ya Serikali.