Safari ya Maji Machafu na Wajibu wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo, safari yake yaweza kukadiriwa. Mvua inyeshapo Migosi, mjini Kisumu, taka za mitaroni huteremka kuelekea Ghuba ya Winam. Ili kubashiri zitakakofika, wanasayansi hutumia modeli ya kihesabu: huigawa ghuba katika vijisehemu vingi, kisha tarakilishi hukokotoa kinachoingia, kinachotoka na kinachobaki katika kila kimoja, saa baada ya saa.

Maarifa hayo si anasa. Winam, yaani "kichwa cha ziwa" kwa Kijaluo, ni ghuba ya kina kifupi inayoungana na Ziwa Viktoria kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Uchafu ukishaingia hautoki upesi. Mto Kisat hupita mjini na kumwaga maji humo, ilhali Kisumu huteka sehemu ya maji yake ya kunywa Dunga, ufuoni mwa ghuba iyo hiyo. Mkondo ukigeuka, ni kikombe cha mwananchi kinachoathirika.

Ajabu ni kwamba ripoti za modeli hizo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika kifungu cha 7, na katika kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Je, haki isiyoeleweka hudaiwaje?

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo. Dai hilo halina mashiko. Uchafu huchukuliwa na mkondo, hutapakaa, hutuama na huoza. Vitenzi hivyo vinne vinabeba kiini cha hesabu yenyewe. Kosa la baadhi ya wanaistilahi ni kuanza na nomino nzito badala ya tendo linaloonekana.

Modeli si msahafu. Hujengwa juu ya vipimo na makadirio. Anayeielewa ndiye awezaye kuhoji: upepo ulipimwa wapi, na katika msimu upi? Mvuvi wa Dunga anaujua upepo huo, ila hajaulizwa kwa lugha aielewayo. Hivyo basi, wanafunzi wa Kiswahili watafsiri japo ripoti moja, waisome hadharani Migosi na Dunga, kisha wasikilize maswali. Hapo ndipo tafsiri itakapopimwa, na modeli pia.