Mafuta ya paka: tuangalie sahani kwanza, chupa nyuma

Leo sisemi juu ya bei ya shaba, wala juu ya mushahara. Ninasema juu ya paka. Musicheke. Mu nyumba ya mutu wa mine, paka si pambo. Yeye njo sentineli wa mufuko wa bunga. Kama mwezi unakuwa murefu na mushahara haujafika, kila kilo ya bunga iko na hesabu yake, na panya haiheshimu hesabu. Inatoboa mufuko, inakula, halafu inakojolea ile inabakia. Mutaniambia tutege sumu. Lakini batoto wanatambaa chini, na paka akikula panya yenye sumu, naye anaweza kufa. Basi paka anatumika, na mwenye kutumika anapashwa kula vizuri.

Kwetu hapa Likasi, paka yetu alianza kuharibika mu kiangazi. Manyoya ikakauka, ikaanza kutoka ku mugongo, na yeye anajikuna usiku kucha. Siku mbili hazikupita, nyumba ikajaa mashauri. Mama jirani akasema: « Papa, mutilie mafuta ya ngazi mu chakula. Siye bote tulikomaa nayo. » Mwenzangu wa posti ya usiku akasema: « Mupake vidanje, gale itakufa. » Bibi yangu akakamata chupa ya mafuta ya maini ya samaki, ile banapatiaga mutoto. Na muuzaji mumoja pa soko akanionyesha chupa ya vidonge: « Omega-3, papa. Inaponyesha yote. » Bei yake ilitosha kununua samaki ya Thomson ya nyumba mujima, siku mbili.

Mashauri ine, mafuta ine. Bote walinipenda, na bote walitaka mema. Lakini mawazo yangu leo ni hii: tunakosea kwa sababu tunaona paka kama mutu mudogo. Paka si mutu mudogo. Mwili wake unatumika namna ingine kabisa.

Tuanze na mafuta ya ngazi, ile nyekundu. Ile rangi nyekundu ni karotini. Mwili wa mutoto wako unaigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A inalinda macho. Kwa hiyo mama jirani ana haki kabisa, kama anasema juu ya batoto. Lakini paka hana nguvu ya kugeuza karotini. Vitamini A yake anaipata ku nyama tu, tayari. Ni vile vile na mafuta ya soya ao ya alizeti: inaweza kusaidia manyoya kidogo, lakini kuna mafuta ingine ambayo mwili wa paka unahitaji na haujui kuitengeneza kutoka ku mimea. Anaipata mu nyama na mu samaki. Paka ni mula nyama. Mungu alimuumba vile.

Sasa mafuta ya maini ya samaki, ile ya mutoto. Hapa hatari inageuka upande mwingine. Ile mafuta imejaa vitamini A na vitamini D. Kidogo ni dawa. Mingi, siku kwa siku, ni sumu. Paka mwenye kupokea vitamini A mingi kwa miezi, hata kwa kula maini kila siku, mifupa ya shingo yake inaanza kushikana. Anashindwa kugeuza kichwa, anashindwa kujilamba. Nilimwambia bibi yangu: turudishe chupa pahali pa mutoto.

Vidanje, nisiseme mingi. Sisi watu wa mine tunajua nini inatoka mu moteri ya kamyo: mafuta ya kuungua, vyuma vya kusagika, uchafu wote wa mashini. Halafu angalia paka namna anafanya. Anajilamba asubuhi, anajilamba mangaribi. Kila kitu unamupaka ku ngozi, umekitia mu tumbo yake. Mwenye kupaka paka vidanje amemunywesha vidanje. Nimeona hii ku nyumba zaidi ya moja, na ninaomba iishe.

Inabakia vidonge vya soko. Siseme omega-3 ni uongo. Mafuta ya samaki, ile ya mwili wa samaki na si ya maini, waganga wa nyama wanaitumia kweli, kwa paka mwenye ngozi ya kuwasha ao mwenye viungo vya kuuma. Kama munganga anakuambia ununue, nunua. Lakini soma ku chupa: kama beliandika « foie », acha. Nusa: kama harufu inachoma pua, mafuta imekwisha kuharibika, na chupa iliyokaa kutwa ku jua la soko inaharibikaga mbio. Uliza kipimo, kwa sababu kile beliandika ku chupa ni cha mutu. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta kina karibu kalori 40, na paka wa kilo 4 anahitaji karibu kalori 200 mpaka 250 kwa siku mujima. Ni kama wewe ungekunywa vijiko vikubwa ine vya mafuta juu ya chakula chako. Atanenepa, ao ataharisha. Na usimumiminie mu kinywa kwa nguvu. Mafuta inaweza kuingia mu mapafu. Changanya mu chakula.

Sikununua. Nilimupeleka paka kwa munganga wa nyama. Yeye hakuanza na dawa. Aliuliza: « Anakulaga nini? » Nikajibu: bukari na supu, kama sisi. Panya je? Nikasema anazikamata, lakini si kila siku. Halafu akafungua manyoya na vidole, akanionyesha viroboto. Njo ile yote. Paka yangu alikuwa na njaa ya nyama, na viroboto walikuwa wanamukula. Hakuna mafuta ya kukunywa inayoua viroboto. Na hakuna chupa ya mafuta inayojaza pahali pa nyama: mafuta haina taurini, kitu kinacholinda moyo na macho ya paka, na kinachopatikana mu nyama na samaki. Mu mwaka wa 1987, wachunguzi wa chuo kikuu cha Davis, kule California, walionyesha kama paka wenye kukosa taurini moyo wao unalegea, na ukiwarudishia, wengi moyo unapona.

Tulifanya nini? Dawa ya viroboto, ile ya paka, kwa sababu ingine ya imbwa inaweza kumuua. Na sahani: vichwa na mikia ya Thomson ya kupikwa, siku ingine kapenta ya kuloweka mpaka munyu utoke, siku ingine vipande vya kuku. Bila kitunguu, maana kitunguu kinaharibu damu ya paka. Si samaki ya mafuta kila siku, kwa sababu hiyo nayo, ikizidi, inaleta ugonjwa. Bukari kidogo tu, ya kujaza. Miezi miwili haikuisha, mugongo ukafunikwa tena.

Bazee wetu walijua hii mambo zamani. Mu wakati wa mposho, mufanyakazi alipokea bunga, samaki na mafuta, kwa sababu kampani ilijua mutu wa njaa hatoi shaba. Haikumupatia chupa pahali pa chakula. Basi, mama, papa, siku muuzaji anakuonyesha chupa ya paka, mbele ya kutoa franka, rudia ku nyumba na angalia ndani ya sahani yake. Mara mingi dawa iko mu vichwa vya samaki ulitaka kutupa. Na zile franka, nunulia batoto mafuta ya ngazi. Wao njo inawafaa.